Waya wa Shaba, Nguzo ya Mita Saba: Kutoka Tanga Hadi Japani kwa Redio ya Ridhaa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Tanga. Nimeona video za watu wanaoongea na Japani na Brazili kwa redio, antena yao ni waya tu uliofungwa mtini. Nimepanga nyumba ya mabati, uwanja ni mdogo, na hela ni hizi za kuungaunga. Je, ni kweli waya wa kujitengenezea utanifikisha huko, au mpaka mtu awe na mnara na redio ya mamilioni? Halafu kuna mwenzangu ananicheka, anasema WhatsApp ipo, sasa unahangaikia nini?

JIBU: Marahaba, fundi.

Waya utafika. Kutoka Tanga hadi Tokyo ni zaidi ya kilomita 11,000, na umbali wa namna hiyo unavukwa kila siku na watu wenye waya wa shaba ambao bei yake haifiki kioo kimoja cha simu unachobadilisha hapo dukani kwako. Mnara hauhitajiki. Redio ya mamilioni haihitajiki pia, na hapo ndipo wengi wanapopotea: hela yote inaishia kwenye redio, antena inafungwa darini chini ya mabati, mtu anakaa wiki nzima hasikii kitu, kisha anatangaza kuwa bendi, yaani mafungu ya masafa tunayotumia, zimekufa. Bendi ni nzima. Mabati ndiyo yamemziba.

Kwa hiyo msimamo wangu nikupe mapema: shilingi yako ya kwanza iende kwenye kimo cha waya, na muda wako wa kwanza uende kwenye kusikiliza. Redio ya kurushia inakuja mwisho.

Huyo mwenzako tumpe haki yake. Ukitaka kumjulia hali shangazi yako Muscat, mpigie WhatsApp. Redio ya ridhaa, yaani hii ya watu wanaowasiliana kwa kupenda tu, hairuhusiwi kubeba biashara wala ujumbe wa siri, na kuna siku jua likigoma hakuna utakayempata hata ulie. Ila mkumbushe tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Mawimbi yanayodunda angani hayapiti kwenye waya wa mtu. Na hata siku ambazo intaneti iko imara, watu wa ridhaa wako hewani kwa sababu wanapenda kujua waya huu, saa hii, umefika wapi. Asiyeona utamu wa hilo, mwache na simu yake.

Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1912 Marekani iliwasukuma watu wa ridhaa kwenye mawimbi ya chini ya mita 200, kwa imani kwamba huko hakuna cha maana. Novemba 1923, Léon Deloy akiwa Nice, Ufaransa, akazungumza kwa Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, na Fred Schnell na John Reinartz waliokuwa Marekani, Atlantiki nzima katikati yao, kwenye mawimbi ya mita 110 hivi. Makombo yale waliyotupiwa ndiyo yakaja kuwa masafa mafupi, yale ambayo baadaye mashirika makubwa ya utangazaji yaliyagombania. Kama nyumbani kwenu kulikuwa na redio ya masafa mafupi, utakumbuka watangazaji wa idhaa za ng'ambo wakitaja mita bendi 25, 31 na 49. Bendi zetu ziko katikati ya hizo hizo na juu yake kidogo: mita 40, 20, 15, 10 na nyinginezo.

Sasa kusikiliza. Tafuta kipokezi chenye uwezo wa kupokea SSB, mtindo wa kurusha sauti ambao watu wa ridhaa huutumia kwenye masafa mafupi, kwa sababu redio ya kawaida ya masafa mafupi itakupa sauti ya bata tu. Kwa fundi kama wewe, kile kidude cha RTL-SDR kinachochomekwa kwenye kompyuta kinatosha, mradi kiwe toleo linalofika chini hadi masafa ya megahezi chache. Kama huna hata hicho, Chuo Kikuu cha Twente huko Uholanzi kimeweka kipokezi chake kwenye intaneti na unakizungusha kwa kivinjari cha simu, bure. Utakuwa unasikia kinachosikika Uholanzi, si Tanga, lakini sikio litazoea.

Kituo chako cha kwanza kiwe megahezi 14.100. Hapo kuna mlolongo wa vituo 18 vilivyotawanywa duniani, vinarusha kwa zamu, kila kimoja sekunde 10, na baada ya dakika 3 mzunguko unaanza upya. Kila kituo kinataja jina lake kwa Morse kisha kinapiga mistari minne mirefu ya sekunde moja moja: wa kwanza kwa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu moja ya kumi ya wati. Siku ukisikia mstari wa nne kutoka JA2IGY ya Japani, huna tena sababu ya kuniuliza kama waya utafika. Kenya nayo ina kituo kwenye mlolongo huo, 5Z4B. Usishangae ukimsikia OH2B wa Finland vizuri na wa Kenya humsikii kabisa. Nairobi iko karibu mno. Mawimbi ya megahezi 14 yakiruka kwenda angani yanashuka mbali sana, yanaupita huo umbali wa katikati bila kuugusa. Na baadhi ya vituo siku nyingine huwa kimya kwa matengenezo, kwa hiyo usihukumu kwa kimoja.

Utakuta kila kitu kimeandikwa kwa saa za UTC, yaani saa za pamoja za dunia. Mswahili hapa ana bahati ambayo Mzungu hana. Chukua saa yetu ya mchana, ongeza 3, umemaliza: saa 4 asubuhi ni 07:00, saa 9 alasiri ni 12:00. Usiku ongeza 15: saa 2 usiku ni 17:00. Ikizidi 24, ondoa 24, ndiyo maana saa 10 usiku inakuwa 01:00. Tarehe yao inabadilika saa 9 usiku kwetu, na hapo ndipo madaftari ya watu huvurugika.

Saa gani usikilize? Fuata jua. Asubuhi mpaka mchana, bendi za mita 15 na 10 huelekea mashariki: India, Japani, Australia. Kuanzia adhuhuri Ulaya inajaa. Jua likishuka upande wetu, zamu ya Brazili na Marekani inaanza, na inaweza kuendelea hadi usiku. Bendi ya mita 40 mchana ni ya majirani, usiku inafunguka kwenda mbali, kwa sababu tabaka la chini la anga ambalo mchana hunyonya mawimbi hayo hutoweka jua likizama. Halafu kuna jambo letu watu wa karibu na ikweta ambalo vitabu vilivyoandikiwa Ulaya hulipita haraka: baada ya magharibi, hasa Machi na Aprili, tena Septemba na Oktoba, tabaka la juu huchafuka, na sauti zinaanza kutetemeka na kukwaruza kwa saa kadhaa. Usishike bisibisi ukafungua redio. Haina ubovu.

Tuje kwenye waya, maana ndiko kwenye utamu.

Nianze na hesabu ambayo wauza redio hawaipendi. Kutoka wati 5 hadi wati 100 ni nguvu mara ishirini, lakini kwa desibeli, kipimo cha tofauti za nguvu, ni 13 tu. Mita ya ishara huhesabiwa desibeli 6 kwa kila hatua. Maana yake yule wa Japani aliyekuwa anakusoma hatua ya 5 sasa atakusoma ya 7, na ushee kidogo. Umelipa hela nyingi kwa hatua mbili, na tena hizo hatua zinakusaidia kusikika peke yake, hazikuongezei chochote kwenye kusikia. Waya ukiupandisha kutoka kimo kibaya hadi kimo kizuri, unapata faida ya namna hiyo hiyo kwa wale wa mbali, kwenda na kurudi, kwa gharama ya mwanzi na kamba.

Kimo kibaya ni kipi? Waya wa mlalo ukiwa chini, nguvu yake nyingi inapanda utosini. Si hasara tupu: kwenye bendi ya mita 40 mchana, mawimbi yanayopanda wima hurudi na kufunika kilomita mia kadhaa kila upande, ukawapata Arusha, Dodoma, Mombasa na Nairobi. Ila Japani haiko utosini. Unataka mawimbi yatoke kwa pembe ya chini, yapige tabaka la F, lile la juu linalorudisha mawimbi chini, lililoko kilomita 250 hadi 400 hivi juu yetu, yatue mbali, yadunde juu ya bahari, yapande tena. Mruko mmoja ukifana unakula kilomita 3,000 na zaidi, kwa hiyo Japani ni miruko mitatu au minne. Kila mdundo unapunguza nguvu, na ukianza kwa pembe ya juu unaongeza idadi ya midundo.

Waya wa mlalo uliowekwa kwenye kimo cha nusu ya wimbi hushusha nguvu zake hadi pembe ya digrii 30 hivi, na hapo ndipo safari ndefu zinapoanza kuwa rahisi. Nusu ya wimbi kwenye bendi ya mita 20 ni mita 10 kwenda juu, jambo gumu kwa mpangaji. Kwenye mita 15 ni mita 7. Kwenye mita 10 ni mita 5 tu. Umeona? Mwanzi wa mita 7 kwenye mita 15 unafanya kazi ambayo kwenye mita 20 ingedai nguzo ya mita 10. Ndiyo maana mtu mwenye uwanja mdogo namwambia aanzie bendi za juu.

Kwa nini basi nisikuambie mita 10 moja kwa moja? Kwa sababu ya jua. Lina mzunguko wa miaka 11 hivi. Mzunguko wa 25 ulianza Desemba 2019 na ukafika kileleni karibu na mwisho wa 2024. Kadiri unavyoteremka, bendi ya mita 10 ndiyo ya kwanza kunyamaza, ya mita 15 inafuata, ya mita 20 ndiyo mvumilivu kati ya hizo tatu. Anza na mita 15. Baadaye utaning'iniza jozi ya waya za mita 20 kwenye kitovu hicho hicho cha antena, koaksi ile ile (kebo kama ya dishi), ncha zake ukizitenganisha na za kwanza kwa nusu mita hivi. Redio itachagua yenyewe kulingana na bendi.

Antena yenyewe ni dipoli: waya mbili za urefu sawa, katikati koaksi. Chukua 143, gawanya kwa megahezi, unapata urefu wa zote mbili pamoja kwa mita. Kwa megahezi 21.2 ni mita 6.75, yaani 3.37 kila upande. Waya wa umeme wa nyumba, ule wa 1.5 wenye ganda la plastiki, unafaa kabisa, ila lile ganda litakutaka ufupishe kwa asilimia mbili tatu hivi mwishoni. Usikate mapema. Kata kila upande mita 3.5, kisha ziada uikunje nyuma na kuisokota kwenye waya wenyewe. Kukunja kunarudishwa, kukata hakurudishwi. Ukipima na kukuta antena inaimba, yaani inaitikia vizuri zaidi, chini ya masafa unayotaka, fupisha sentimita 3 kila upande, itapanda karibu kilohezi 190. Kipimo kinachoitwa NanoVNA kinatoshea mfukoni na kitakuonyesha mchoro mzima. Ukikosa, mita ya kawaida ya SWR, yaani kipimo cha jinsi antena inavyoendana na redio, inatosha. Ukipata SWR ya 1.5 usijisumbue tena, nenda ukaongee na watu. Kuna watu wanatumia mwezi mzima kutafuta 1.1, na hawajawahi kumwita mtu yeyote hewani.

Kitovu, yaani pale koaksi inapokutana na waya, ndicho kitakachokuangusha ukifanya haraka. Tumia kipande cha kibao cha plastiki cha kukatia mboga, saizi ya kiganja. Toboa matundu matatu kila upande, pitisha waya ndani, nje, ndani, ili mvuto wa kamba ubaki kwenye plastiki na usiende kwenye kiungo ulichochomelea. Koaksi nayo ifunge kwenye kibao chini ya kiungo, isining'inie kwa shaba yake. RG-6 ya madishi inafaa. Ni ya ohm 75 na redio inataka 50, lakini tofauti hiyo ni hiyo SWR ya 1.5 niliyokwambia uisamehe. Tatizo lake ni lile soksi la nje la nyuzi za aluminiamu zilizosukwa, halishiki risasi hata uchome vipi. Weka kiunganishi cha F kama cha dishi, au libane kwa skrubu na pete yake ya chuma. Halafu ziba. Sisi tuko pwani: chumvi na mvua vikiingia kwenye koaksi, shaba inageuka kijani, maji yanatambaa ndani mita nzima, na mwaka ujao utasema redio imechoka. Silikoni, juu yake tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na ncha ya koaksi itazame chini. Kabla koaksi haijaondoka hapo kitovuni, izungushe mizunguko minane hivi yenye upana wa sentimita 15 na uifunge. Hiyo inazuia mawimbi kurudi kwa nje ya koaksi mpaka chumbani na kuingia kwenye spika za jirani.

Unaishi Tanga, utashawishika kutumia kamba ya katani. Kwa heshima zote kwa zao la mkoa, hapana. Katani ikilowa inabadilika urefu, ikikauka inabadilika tena, na jua na mvua vitaiozesha. Nenda kwa wavuvi ununue kamba yao ya nyavu.

Umbo lenye nguzo moja ndilo la mpangaji: kitovu juu ya mwanzi, mikono miwili ikishuka kila upande mpaka kwenye kamba, pembe ya katikati isiwe chini ya digrii 90. Weka mwanzi pembeni mwa nyumba ili waya uwe mbali na mabati uwezavyo. Ncha za waya ziwe juu ya kichwa cha mtu mzima. Unaporusha, ncha ndizo zenye volti kubwa, hata kwa wati 100 mtoto akishika ataungua kidole. Na kabla hujasimamisha chochote tazama waya za TANESCO, pamoja na ule unaoingia nyumbani kwako. Ukikadiria nguzo ikianguka upande wowote inaweza kuugusa, hapo si mahali pa nguzo. Hili halina mjadala.

Uelekeo: dipoli hutoa zaidi ubavuni kuliko nchani. Kutoka Tanga, Japani iko kaskazini-mashariki, na Brazili iko magharibi ikielemea kusini, karibu upande wa pili kabisa. Kwa hiyo waya mmoja uliolazwa kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki unazitazama zote mbili. Bahati hiyo usiichezee. Ulaya itabaki upande wa ncha, lakini kwa umbo hili la mikono iliyoshuka ncha hazifi kabisa, na Ulaya ina vituo vingi kiasi kwamba watakusikia tu.

Kama mwenye nyumba atakataa nguzo, nenda baharini. Sisemi mzaha. Maji ya chumvi ni ardhi bora kuliko zote kwa antena ya kusimama wima. Yanaruhusu mawimbi kutoka kwa pembe ya chini kabisa, ile ambayo dipoli yako haitaifikia hata ukiipandisha sana. Funga waya wa mita 5 kwenye fito ya kuvulia au mwanzi mwembamba, simamisha ufukweni karibu na maji, chini yake tandaza waya mbili nyingine za mita 5 zilizoinuliwa mita moja kutoka mchangani. Hiyo ni antena ya bendi ya mita 20. Kwa mita 15, punguza zote ziwe 3.37. Maji yakijaa, mbele yako ni Bahari Hindi tupu mpaka India na kuendelea, hakuna mlima wala taa ya LED.

Nimetaja LED kwa sababu ndiyo adui wa mjini. Balbu za bei chee, chaja, vibadilishaji vya sola, vyote vinamwaga makelele kwenye masafa mafupi, na wewe dukani una chaja ngapi? Fanya jaribio hili: washa kipokezi kinachotumia betri, sikiliza kelele, kisha mtu azime swichi kuu ya nyumba. Kelele ikipungua, adui yuko ndani. Washa chumba kimoja kimoja mpaka umkamate. Isipopungua, ni ya jirani au ya nguzo ya umeme, na hapo sogeza antena au subiri wakalale.

Leseni sitairefusha, lakini usiiruke. Kurusha bila leseni ni kosa. Tanzania leseni inatolewa na TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo, Uganda ni UCC. Waandikie kabla ya kununua au kuagiza redio ya kurushia, waulize masharti ya sasa na kama kifaa unachotaka kinakubalika. Zile redio koli ndogo zinazouzwa mitandaoni, watu wanadhani zikiuzwa basi ruhusa imekuja nazo. Haijaja. Na mweleze mwenye nyumba na mwenyekiti wa mtaa unachofanya kabla waya haujapanda. Mtu anayeongea lugha za namba na herufi usiku chini ya antena huanza kusemwa mapema.

Ukishapata leseni utapewa alama ya wito, na herufi zake za mwanzo zinasema nchi: 5H ni Tanzania, 5Z Kenya, 5X Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi, 9Q Kongo, A4 Oman. Hapa ndipo kuna jambo ambalo nadhani hujaliwaza. Unadhani utakuwa unawawinda Wajapani. Wao ndio watakaokuwinda. Chama cha watu wa ridhaa cha Marekani, ARRL, kina orodha ya nchi na maeneo 340, na kuna tuzo kwa anayethibitisha 100. Watu wanaitumikia orodha hiyo miaka na miaka. Vituo vya 5H vinavyosikika mara kwa mara ni vichache. Ukiita kwa jina hilo jioni moja bendi ikiwa wazi, watarundikana wanaokuitikia kwa pamoja mpaka husikii neno. Usitaharuki. Shika herufi mbili tu ulizozisikia, zirudie, wengine wote wanapaswa kunyamaza. Mpe ripoti yake, mara nyingi 59 (5 ya kueleweka, 9 ya nguvu ya ishara), pokea yako, "asante, 73", wa pili. 73 ndiyo kwaheri yetu. Andika kila mmoja: tarehe na saa kwa UTC, masafa, alama yake, ripoti mbili. Wakizidi, waambie wakuitie kilohezi 5 juu yako ili wasikufunike wanapoita. Ukivuka kwenda Unguja na redio, watakutafuta mara mbili, maana kuna wanaokusanya visiwa, na Unguja kwao ni AF-032.

Kama Kiingereza cha hewani kinakutisha au redio yako ni ya wati chache, kuna FT8. Ni mtindo wa kidijitali uliotoka mwaka 2017, kazi ya Joe Taylor, yule aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1993, na Steve Franke. Kompyuta inarusha na kupokea kwa zamu za sekunde 15, na inasoma ishara ambazo sikio halizisikii kabisa. Kwenye mita 15 wako megahezi 21.074, kwenye mita 20 ni 14.074. Saa ya kompyuta lazima iwe sahihi, ikikosea sekunde moja au mbili hakuna utakachosoma. Mimi binafsi naona ni mawasiliano makavu, majina na namba basi. Lakini kwa kupima antena mpya hakuna kama hiyo: ndani ya robo saa unajua waya wako umefika wapi. Morse nayo ni nzuri kwa fundi, kwa sababu redio ndogo ya Morse ya wati 5 inauzwa ikiwa vipande, unaiunganisha mwenyewe, na wewe mkono wa kuchomelea unao tayari. Betri ya volti 12 ya sola inaiendesha jioni nzima.

Kwa kuwa umezoea vifaa vya dukani, nikuongezee moja ambalo hukuuliza. Juu ya ikweta, kwenye longitudo ya nyuzi 26 mashariki, kuna setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, na ndani yake wamewekewa watu wa ridhaa njia zao, zinaitwa QO-100. Inazunguka sambamba na dunia, kwa hiyo kwetu iko pale pale saa zote, inafunika kutoka Brazili hadi Thailandi. Ulaya ya kaskazini wanaitafuta chini kwenye upeo. Sisi Tanga iko zaidi ya digrii 70 kwenda juu, upande wa magharibi ikielemea kaskazini kidogo. Dishi la kawaida la king'amuzi lililostaafu, LNB yake ile ile, na RTL-SDR kwenye megahezi 739.5 hadi 740, utawasikia watu wakizungumza mchana na usiku bila kujali jua. LNB inataka umeme wake kupitia koaksi, kwa hiyo weka kitenganishi cha umeme kabla ya kidude, usikiunguze. Kurusha kwenda huko ni kazi nyingine, inataka gigahezi 2.4 na leseni, lakini kusikiliza unaweza hata wiki hii.

Masika yakianza, kila ukimaliza kusikiliza chomoa koaksi na uitupe nje ya dirisha, si chini ya meza. Radi si lazima ipige antena yako. Ikipiga mtaa wa pili inatosha kuua mlango wa kipokezi.

Ukikwama kwenye kupima, niandikie urefu wa kila mkono, kimo cha kitovu, umbali kutoka kwenye mabati, na SWR kwenye 21.0, 21.2 na 21.4. Usiniandikie "antena haifanyi kazi", sitajua pa kuanzia.